Ile Nyeusi ya Gitting

2 Julai

Hii dayari ni ya mwaka juzi, mwanangu Shabani aliipata bure huko chuoni kwao. Nimekata tarehe zao naweka za kwangu, karatasi haiozi. Mimi shule niliishia la nne, kwa hiyo atakayesoma asinicheke, na kwanza nani kamwambia asome.

Naandika kwa sababu nimezibwa mdomo. Baba mkwe wangu, Mzee Shumbana, alifariki mwezi wa tano mwishoni, Mungu amrehemu, na mama mkwe, Bi Raudha, yuko eda hapa kwetu Katesh. Miezi minne na siku kumi hatoki nje ya geti. Jana Saleh, mume wangu, akaniambia, "Mama Shabani, nyumba ina eda. Punguza redio." Nikamwambia redio imezimwa tangu siku ya msiba. Akasema, "Redio ninayosema ni wewe."

Haya, nimejizima. Lakini maneno hayaishi kwa kuzimwa. Yanajaa kama maji kwenye ndoo, lazima umwage mahali.

Leo baridi kali. Mlima umejifunika ukungu mpaka miguuni, kama mgonjwa. Uani magunia ya ngwara, jamii ya maharage, yameanza kuingia, ndiyo msimu. Saleh ananunua kwa wakulima, lori la Kenya linakuja kubeba. Mama mkwe kanywa chai nusu kikombe. Basi.

5 Julai

Mama mkwe hali chakula. Nimepika uji wa ulezi, kaukataa. Nimechinja jogoo nikatengeneza supu, kaionja akasema jogoo alikuwa mzuri akiwa hai. Nimepika ndizi na nyama laini, kazitazama kama vile zimemkosea.

Nesi Judica, mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mpare, kampima leo. Presha sawa, malaria hana, sukari hana. Akanivuta pembeni. "Mama Shabani, huyu haumwi. Huyu anayeyuka. Mkono wake nimeuzungusha kidole na kidole vikakutana."

"Sasa dawa yake nini?"

"Ale."

Nesi naye. Hiyo hata mimi wa la nne naijua.

6 Julai

Upepo. Hajala.

8 Julai

Kuna jambo nimeliona. Kila geti likilia, mama mkwe anainua shingo kitandani. "Nani huyo?" Namwambia ni mkulima kaleta gunia. Au mama Adamu kaja kutoa pole. Au upepo. Anarudisha kichwa kwenye mto. Leo kauliza zaidi ya mara nane. Wageni wanaingia, wanakaa kwenye mkeka, wanasema pole, yeye anaitikia vizuri tu, lakini macho yako getini.

Nilidhani ni kisirani chake cha siku zote, maana huyu mama miaka yote niliyoolewa hapa akisema maneno kumi ujue ni Idi. Lakini kisirani hakiinui shingo hivyo. Anamsubiri mtu. Nani? Watoto wake wote walishakuja. Hata wifi yangu wa Singida alikaa wiki mbili.

Ningejua ningekufa kwa raha.

9 Julai

Kasema! Nimempelekea mtori, kausogeza, akageukia ukuta akasema, "Ile nyeusi."

"Nyeusi gani, Mama?"

"Supu. Ile nyeusi."

"Supu nyeusi ya nini, Mama? Ya nyama? Ya mboga?"

Kanipa mgongo. Ukuta una masikio kuliko mimi.

Sasa nitalalaje?

10 Julai

Nimeenda sokoni. Nikauliza kwa ujanja, sikusema ni ya nani. Jamani supu nyeusi ni supu gani? Muuza dagaa kasema ni supu ya makongoro ikiungua. Muuza nyanya kasema ni ya damu, wanakula watu fulani, sitaki hata kuandika. Mama Adamu wa duka la vitenge akasema, "Supu nyeusi ni ya mganga, Mama Shabani. Nani kakuroga?" Kabla sijafika nyumbani Saleh kapigiwa simu kuulizwa mkewe karogwa na nani.

"Redio," akasema. Akaenda zake kupima ngwara.

12 Julai

Nimemuuliza mwenyewe Saleh. "Baba Shabani, mlivyokuwa wadogo, mama alikuwa anakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na mboga."

Wanaume wanaishi duniani hawaangalii sahani.

Kitu kimoja tu nimekitoa kwake. Kabla ya kuhamia hapa Katesh, mzee na mama walikaa Gitting kule mlimani, walikuwa na kiduka. Saleh hakumbuki, alibebwa tumboni wakihama.

14 Julai

Nimekaa juu ya magunia najipasha jua, nikazamisha mkono nikatoa ngwara. Nyeusi tii, na kile kimstari cheupe pembeni kama kope. Nikashtuka. Nyeusi!

Hapa kwetu ngwara tunaiuza, hatuili. Sijawahi kuila, mama yangu hakuila, hata wanaoilima wengi hawaili. Inapanda lori inaenda Kenya, huko ndiyo wanaijua. Nikamuuliza Akonaay, kijana wa Gitting anayetuletea mzigo, "Hivi hii inalika?"

Akacheka mpaka akashika tela. "Mama Shabani, hiyo siyo chakula. Hiyo ni bati la nyumba, unaiuza unaezeka."

15 Julai

Nimepika bati la nyumba.

Niliosha, nikaweka maji, kitunguu, nyanya, chumvi. Ikachemka tangu asubuhi hadi adhuhuri, kuni zimekwisha. Mchuzi ukawa mweusi kweli, nikafurahi, nikajisemea Shamimu wewe ni mtu hatari. Nikaonja. Ulimi ukarudi nyuma kooni. Chungu! Mwarobaini ni asali. Lakini nikasema labda ndivyo ilivyo, nikamimina kwenye bakuli nikampelekea.

Mama mkwe akainusa. Akakaa mwenyewe, bila kushikwa! Akachukua kijiko, akatia mdomoni, akatema kwenye kanga yangu.

"Ndiyo hii," akasema. "Lakini umeiua."

Nimetemewa kanga mpya na nimefurahi mwaka mzima sijafurahi hivi.

17 Julai

Judica anasema kwao Upareni bibi yake alikuwa anamwaga maji ya kwanza. Uchungu unakaa kwenye maji ya kwanza. Kumbe! Nimemwaga. Uchungu umepungua, lakini ngwara ngumu kama kokoto. Jino la Saleh la pembeni limetikisika. Kanikataza kumwonjesha tena.

19 Julai

Nimeweka magadi ya ziwani Balangida ili zilainike. Nimezidisha. Sabuni.

20 Julai

Geti. "Nani huyo?" Mbuzi wa jirani.

22 Julai

Nimepunguza magadi, nimemwaga maji mara mbili, imeiva, haina uchungu. Mimi na Judica tumekula bakuli zima tukasema sawa hii ni supu. Nikapeleka.

Mama akaonja. Akaonja tena. "Hii ni ya nani?"

"Ya kwangu, Mama. Judica kanisaidia."

"Mwambie Judica ahsante." Akaweka kijiko. "Ile ilikuwa na harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya moto. Ikipikwa, uko nje na ndoo ya maji kichwani, unaharakisha."

Hayo ni maneno mengi kuliko aliyoniambia kwenye harusi yangu. Halafu akala vijiko vitatu, kwa heshima tu, nimejua. Bega lake limechomoza kwenye gauni kama mpini wa jembe.

25 Julai

Leo nimejikaza. Nimekaa mkekani, namkanda miguu na mafuta, maana baridi inamuingia kwenye mifupa. Nikauliza taratibu, "Mama, ile ya Gitting alikuwa anakupikia nani?"

Akafumba macho. Nikajua ameshalala. Halafu akasema:

"Mtu aliyekufungia mlango hana jina."

Mimi? Nani kafungiwa mlango? Mlango gani? Kwa nini? Lini? Nimetoka pale nimekaa jikoni nimeshika kichwa. Mungu, umenipa tumbo la maneno halafu unaniwekea huyu mama ndani ya nyumba.

Na jioni ile ile geti likalia. "Nani huyo?"

Sasa nawaza. Anayemsubiri getini na aliyemfungia mlango, wasije wakawa mtu mmoja.

28 Julai

Hajala. Upepo umeng'oa bati la choo.

1 Agosti

Akonaay kaleta magunia mawili. Leo sikumwachia aondoke, nikamwekea chai na maandazi matano, kijana akishakula matano hawezi kukimbia. Nikasema, "Akonaay, uliniambia ngwara siyo chakula."

"Siyo chakula."

"Na huko Gitting hakuna mtu hata mmoja anayeipika?"

Akafikiri. "Bibi yangu tu. Bibi Ludovika. Kipindi cha baridi kama hiki. Lakini yule mzee wa zamani, anapika vitu vya zamani."

Andazi likaniponyoka. "Ina harufu ya moto?"

Akanitazama vibaya. "Wewe umejuaje?"

"Anakaa wapi bibi yako?"

"Pale juu, karibu na duka la Mswahili."

"Mswahili gani?"

"Sijui, mama, ni zamani. Duka lenyewe limebaki ukuta. Watu wanaita tu hivyo, duka la Mswahili."

Mimi najua Mswahili gani. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, ila kule juu Mwislamu yeyote ni Mswahili, alikuwa mrefu, alipenda kahawa, tumemzika mwezi wa tano.

3 Agosti

Leo nina mengi, mkono utauma.

Nimemuaga Saleh nikamwambia naenda kuangalia ngwara ya Gitting kama imekauka. Si uongo, niliiangalia. Akonaay akanipakia pikipiki. Kule juu baridi siyo ya kusimuliwa, ukungu unaingia kwenye mikono ya sweta. Mashamba ya ngwara yamelazwa chini, wanapiga kwa fimbo, maganda yanaruka.

Bibi Ludovika nilimkuta ameketi mlangoni, amejifunga shuka mbili, anapepeta. Mdogo, mkavu, rozari shingoni, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi ni mke wa Saleh wa Katesh. Saleh wa Mzee Shumbana."

Ungo ukasimama. Ngwara zikabaki hivyo hivyo hazijarushwa.

"Shumbana wa duka."

"Ndiyo mama. Amefariki."

"Nilisikia. Nimemwombea." Akaangalia kule ukuta wa duka ulipo, majani yameota juu yake. "Na Raudha anaendeleaje?"

"Yupo. Lakini hali chakula. Anataka supu nyeusi. Nimempikia nimeshindwa, kanitemea."

Yule mama akacheka, meno matatu. Akacheka halafu akafuta macho na kona ya shuka, sikujua ni kicheko au ni nini. Akasema, "Alipozaa yule msichana wake wa kwanza, hakuwa na mama yake hapa, hakuwa na dada. Mswahili peke yake katikati ya Wairaqw. Maziwa hayakutoka. Nilimpikia ile kila siku mpaka maziwa yakamwagika. Tulikuwa hatuna lugha. Yeye Kiiraqw hajui, mimi Kiswahili sijui. Tulikuwa tunacheka tu."

Nikasema sasa ndiyo hapa, Shamimu, uliza. "Mama, ilikuwaje mkaachana?"

"Alinikimbia," akasema.

"Alikukimbia?"

"Nilifiwa na mtoto. Mvulana, anatambaa. Raudha akaja siku ya pili na sufuria ya pilau, mvuke unatoka. Halafu hakuja tena. Mpaka wanahama, hakuja. Nikajua ameogopa mkosi wangu. Nikasema ana haki, mtu anaogopa."

"Na ile sufuria, mama, uliipokea?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Ningepokeaje? Zamani kwetu, mwanamke akifiwa na mtoto anafungiwa. Hapokei chombo cha mtu, hatoi moto wake, haingii nyumba ya mtu. Ukipokea, msiba unatoka na kile chombo unaenda kwa mwenzako. Sisi tulikuwa tumeshabatizwa, lakini mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale. Na Raudha alikuwa na tumbo. Kubwa, hivi. Nilivyoona lile tumbo linakuja na mvuke, nilifunga mlango haraka. Nikaweka na gogo."

Nikakaa chini. Nilikaa kwenye maganda. Maana kwetu msiba ndiyo unapeleka chakula! Aliyefiwa hawashi moto, majirani ndiyo wanampikia. Ukifungiwa mlango na sufuria yako mkononi, umeambiwa chakula chako ni najisi, na wewe mwenyewe ni najisi. Mama mkwe wangu kabeba hiyo sufuria moyoni tangu nchi haina lami.

"Hakujua," nikasema. "Mama, hakujua! Anasema ulimfungia mlango."

Bibi Ludovika akaweka ungo chini. Kuku akaja akala ngwara moja akaitema.

"Lile tumbo," akauliza. "Mtoto alizaliwa?"

"Ndiye mume wangu."

"Mzima?"

"Mzima, mama. Ana kitambi."

Akafanya ishara ya msalaba. Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya vyote.

Halafu nikauliza, "Sasa mzee alivyofariki, mbona hukuja? Anakusubiri. Kila geti likilia anauliza nani."

"Ningekujaje? Na yeye si amefungiwa sasa? Akonaay ameniambia, nyeupe amevaa, hatoki, miezi minne. Nikasema ngoja nimheshimu, nisimsumbue kwenye miiko yake. Nilipanga kuja ikiisha."

Jamani! Mmoja kafunga mlango kwa huruma, mwingine kaona dharau. Sasa huyu anakaa mbali kwa heshima, na yule pale anakufa kwa kungoja. Nikamweleza, eda yetu haifungi wanawake. Wanawake tunaingia, tunakaa naye, tunakula naye sahani moja. Anayefungiwa ni yeye kutoka, siyo sisi kuingia.

"Hata Mkristo?"

"Hata nesi wetu Mpare."

Akasema atakuja Jumapili ijayo baada ya misa. Halafu akanishika mkono, kucha zake kali. "Usimwambie. Hayo maneno ni ya kwangu. Nimeyakalia mimi, nitayasema mimi."

Mimi! Kaniambia mimi!

4 Agosti

Nimebana.

5 Agosti

Mama mkwe kaniuliza nina nini. Nikamwambia jino.

6 Agosti

Judica kaja kuangalia. Anasema wiki ijayo kama hivi tumpeleke akatundikiwe dripu. Mama akasikia. Akasema hatoki kwenye eda yake kwa ajili ya chupa ya maji. Mwenyewe Saleh kaenda nyuma ya magunia, amesimama kule muda mrefu anajidai anahesabu.

Nilikaribia kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaenda kufua, nimefua hata vilivyo safi.

10 Agosti

Kaja. Akonaay kamleta, kajifunga shuka tatu, mkononi kifurushi, begani kibuyu cha maziwa. Nilikuwa nimeshamweka Saleh getini, nikamwambia ashike geti lisilie. Lakini lile geti ni geti letu, likalia.

"Nani huyo?" kule ndani.

Bibi Ludovika akanizuia kwa kiganja. Akasema kwa sauti ya chini, "Nipeleke jikoni kwanza."

Nimesimama pembeni kama mwanafunzi. Ngwara alikuwa ameziloweka kwake usiku, zimevimba. Akachemsha, akamwaga yale maji, meusi kama wino. Akachemsha tena akamwaga. Maji ya tatu hakuweka ya baridi, alikuwa ameyachemsha pembeni, akasema ukiziwekea baridi zinashtuka, haziivi mpaka Yesu arudi. Hayo ya kumwaga nilikuwa nimeshayajua nusu. Sasa hili ndilo sikulijua. Alifungua kifundo cha shuka akatoa ngwara kavu, kiganja kimoja tu. Akaziweka kwenye kikaango bila mafuta, akakoroga, akakoroga, zikaanza kupasuka ta, ta, moshi ukapanda. Harufu! Kama kahawa, kama karanga, kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Akazitwanga zikawa unga mweusi, akaurudisha kwenye sufuria. Supu ikageuka pale pale ikawa nyeusi tii, nzito. Samli kijiko. Chumvi. Mwisho akaepua, akatia maziwa ya mgando kidogo katikati, hakukoroga.

Nilikuwa nimeinamia sufuria, sikuona. Nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nikageuka.

Mama mkwe amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mwenyewe. Kashika fremu kwa mikono miwili, nguo zake nyeupe zinamning'inia. Siku nyingi hajafika hata sebuleni.

Hawakusalimiana. Wametazamana. Mimi nimeshika upawa, naogopa kupumua.

"Ulinifungia mlango," mama mkwe akasema.

"Nilifunga."

"Na sufuria ninayo mkononi. Watu wanaona."

"Nilifunga, Raudha. Nilikuwa na msiba ndani. Ulikuwa na tumbo. Nilifungia msiba, usitoke ukufuate."

Nje Saleh akakohoa, maana alikuwa amesimama pale getini anasikiliza, na mimi ndiyo naitwa redio. Bibi Ludovika akamwona kwenye dirisha.

"Ndiye yule?"

"Ndiye," mama mkwe akasema.

"Njoo hapa, wewe."

Mume wangu, mtu mzima, mnunuzi wa ngwara wa Katesh nzima, akaja kama mtoto aliyevunja kikombe. "Shikamoo, mama." Yule bibi akampapasa uso, mabega, akamaliza kwenye kitambi, akakigonga kama mtu anayechagua tikiti.

"Mlango ulifanya kazi," akasema.

Hapo ndipo mama mkwe alipolia. Msiba mzima hakulia mbele yetu, siku ya kuzika hakulia. Leo kalia akiwa ameshikilia fremu ya mlango wa jikoni, na Bibi Ludovika akaenda akamshika, na wote wawili ni wadogo, ukiwaunganisha hawafiki gunia moja. Saleh akatoka. Mimi nikaepua sufuria ambayo ilikuwa imeshaepuliwa.

Wakakaa chini pale pale jikoni, bakuli moja, vijiko viwili. Mama mkwe akapuliza, akatia mdomoni, akafumba macho. Nilikuwa nahesabu koo lake linavyomeza. Kala bakuli. Kaongezwa. Akapangusa kwa kidole.

Mimi sikusema neno. Sikuambiwa, sikukatazwa. Nilikuwa sina.

11 Agosti

Kaamka kauliza kama imebaki.

16 Agosti

Bibi Ludovika kaja tena, kalala. Wanaongea mpaka nasikia kwikwi za kucheka ukutani. Kiiraqw na Kiswahili vimechanganyika kama makande. Saleh anasema nyumba ina eda, wapunguze. Nikamwambia kawaambie wewe.

30 Agosti

Judica kazungusha vidole kwenye mkono wa mama. Havikukutana.

7 Septemba

Nimepika mwenyewe ile nyeusi, peke yangu, na ule unga wa kukaanga. Mama kaonja, kafikiri. "Imekaribia," akasema. Kwa huyu mama hiyo ni medali. Zamani ningesema ana kisirani. Siku hizi najua alikuwa anasubiri tu, na mtu anayesubiri hana nafasi mdomoni.

14 Septemba

Lori la mwisho la ngwara limeondoka. Nimeficha debe moja. Saleh kaliona, kalifunika na gunia.

2 Oktoba

Eda imeisha juzi. Tumemwogesha, kavaa kitenge cha kijani alichonunuliwa na wifi wa Singida, kapaka wanja kidogo. Watu huuliza utakwenda wapi kwanza. Kwa mwanao? Kaburini? Akasema, "Nipe sufuria kubwa."

Amepika pilau mwenyewe. Hakutaka nimguse. Kachagua mchele punje punje, nyama kaipeleka taratibu. Kaifunika na kitambaa cheupe, kaifunga fundo, akapanda mbele kwenye gari la Saleh, sufuria mapajani, mvuke unafunika kioo. Nikasema Mama itakuunguza. Akasema tangu lini imeacha.

Gitting mawingu yameanza kukusanyika, mvua haiko mbali. Saleh alisimamisha gari kwenye ule ukuta wa duka, mama akakataa tusogee. Akashuka akatembea mwenyewe mpaka mlangoni kwa Bibi Ludovika, sufuria mikononi. Mlango ulikuwa umefungwa, baridi.

Akagonga kwa mguu. Mimi nyuma nimeshika mdomo wangu kwa mikono miwili.

Gogo likasikika linavutwa. Mlango ukafunguka. Bibi Ludovika akaitazama sufuria, akamtazama mwenzake, akajipangusa mikono yote miwili kwenye shuka, akainyoosha, akapokea.

"Umechelewa," akasema.

"Nyama ilikuwa ngumu," mama mkwe akajibu, akaingia ndani.